Beit al-Sahil, nyumba ya pwani iliyotoweka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayepita barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Unguja, hulikuta kasri jeupe linalotazama bahari, na mara nyingi huambiwa kwamba humo ndimo alimokaa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mahali ni pale pale, lakini nyumba siyo. Nyumba ya Seyyid Said, Beit al-Sahil, iliungua asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Nimeulizwa habari zake mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niyaweke majibu pamoja.

Beit al-Sahil maana yake nini, na ilikuwa wapi hasa?

Ni Kiarabu, maana yake nyumba ya pwani. Simama Forodhani, bahari iwe kushoto kwako na Ngome Kongwe kulia, kisha tembea kuelekea kaskazini. Utapita Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, halafu uwazi wenye bustani, halafu kasri jeupe ambalo kwa miaka mingi limekuwa makumbusho. Beit al-Sahil ilisimama pale penye kasri jeupe. Ule uwazi wenye bustani nao ulikuwa na nyumba yake, Beit al-Hukm. Nyumba mbili zilipotea siku moja. Moja ikapata mrithi, nyingine ikaacha pengo ambalo bado liko wazi.

Kwa hiyo jumba la makumbusho silo lenyewe?

Silo. Lilijengwa baada ya 1896, kwa ajili ya familia ya Sultani, juu ya kiwanja cha nyumba iliyoungua. Masultani waliofuata walikaa humo mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, siku ambayo Sultani Jamshid bin Abdullah alikimbia na familia yake kwa njia ya bahari. Likaitwa Jumba la Watu, likawa na ofisi za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ni jumba lenye historia yake yenyewe na linastahili kutembelewa. Ila mtu akikuonyesha dirisha la ghorofani na kukwambia kwamba hapo ndipo Seyyid Said alipokuwa akisimama kutazama majahazi yake, mwambie kwa upole kwamba Seyyid Said alifariki miaka arubaini kabla dirisha lile halijatiwa.

Nani aliijenga, na lini?

Seyyid Said bin Sultan mwenyewe. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, na kufikia 1840 makao yake makuu yalikuwa yamekwisha hama Maskati. Beit al-Sahil ni ya miaka hiyo ya mwanzo. Alikuwa na kasri jingine nje ya mji, Beit al-Mtoni, lenye bustani kubwa, ndege na wanyama wakizurura uani, na yeye binafsi alipenda kukaa huko. Lakini kazi za serikali zilikuwa mjini. Forodha ilikuwa mjini, mabalozi walikuwa mjini, wafanyabiashara wa Kihindi, Kimarekani, Kifaransa na Kiingereza walikuwa mjini. Akahitaji nyumba ambayo merikebu yoyote ikitia nanga, nahodha aione kabla hajaona kitu kingine, na mwenye nyumba naye amwone nahodha.

Ilijengwa kwa vitu gani?

Hapa naomba nikawie, kwa sababu ndipo ilipo sababu ya nyumba kuishi na sababu ya nyumba kufa.

Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe. Chukua jiwe lililoanguka kutoka kwenye gofu lolote la mji ule uliweke kiganjani: ni jepesi kuliko unavyotarajia, lina vitundu kama mkate, na ukilisogeza karibu na macho utaona kombe ndogo na vijitawi vya matumbawe vilivyokuwa hai chini ya bahari. Mawe hayo hufungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri na kuzimuliwa kwa maji. Ukuta hutoka mnene, nusu mita na zaidi. Unazuia joto la mchana, unabeba ghorofa mbili au tatu, na ukipakwa chokaa nyeupe hung'aa mpaka baharini.

Juu ya kuta hizo hulazwa boriti. Boriti ni miti ya mikoko, iliyonyooka, migumu, isiyoliwa upesi na mchwa. Lakini mkoko una kipimo chake. Boriti nzuri huvuka nafasi ya kama mita tatu tu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani, za tajiri na za maskini, ni virefu na vyembamba. Hata Sultani hakuweza kuuamrisha mkoko urefuke. Alichoweza ni kuongeza idadi ya vyumba, kuvizungusha ua mkubwa, na kujenga roshani pana mbele yake, na ndivyo ilivyofanywa Beit al-Sahil.

Kwa hiyo ukiitazama kwa nje ungeona mawe. Kwa ndani ilikuwa mbao: sakafu zilizobebwa na boriti, roshani, ngazi, milango ya nakshi, madirisha. Ukuta wa matumbawe hustahimili mvua na jua kwa karne nzima, mradi paa halivuji. Haukujengwa kustahimili kombora. Na mbao ya miaka sitini, kavu, inayopigwa na upepo wa bahari kila siku, ikishika moto haizimiki kwa ndoo.

Ni kweli majumba yalikuwa yameunganishwa kwa madaraja?

Ndiyo. Watu wa Lamu mpaka leo wana neno zuri kwa kitu hiki: wikio, kile kivuko kilichojengwa juu ya njia kutoka nyumba moja kwenda nyingine, ambacho mpita njia hupita chini yake. Majumba ya Mizingani yaliunganishwa hivyo, kwa vivuko vya mbao vilivyoezekwa, juu ya vichwa vya watu. Wanawake wa kasri waliweza kutoka Beit al-Hukm kwenda nyumba ya jirani bila kukanyaga barabara wala kuonekana na mtu.

Kulikuwa pia na Beit al-Tani, maana yake nyumba ya pili, karibu na Beit al-Sahil. Kivuko kati ya hizo mbili kilipita juu ya hamamu, bafu la mvuke na maji moto kwa mtindo wa Kituruki. Mimi hili ndilo jambo linalonisaidia kuiona nyumba ile kuliko maelezo yote mengine: mtoto anakimbia kwenye kivuko cha mbao kwenda kumwona dadaye wa nyumba ya pili, na chini yake hamamu inafuka mvuke.

Ndani ya Beit al-Sahil waliishi nani?

Watu wengi kupita kiasi. Seyyid Said alikuwa na masuria wengi na watoto wengi, na wao ndio walioijaza nyumba: mama na wanawe katika chumba, walezi, wajakazi, matowashi waliolinda milango, na watumwa wa kila kazi. Lugha zilikuwa nyingi kama watu. Kiarabu kilikuwa lugha ya heshima mbele ya Seyyid, lakini uani palisikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, na lugha ya Wacherkesi waliotoka milima ya Kaukazi.

Tunajua haya kwa undani kwa sababu mmoja wa watoto hao aliandika. Vyumba vya juu, anaeleza, vilifungukia roshani ndefu na pana iliyozunguka ua, na paa la roshani lilibebwa na nguzo zilizotoka chini ardhini. Kati ya nguzo palikuwa na ukingo na viti, na usiku taa za rangi zilizoning'inia ziliwashwa nyumba nzima. Mtu akiegemea ukingo ule aliona chini uani maisha yote ya jumba: wanyama wakichinjwa na kuchunwa, wapishi na masufuria yao, wachukuzi wa maji wakipumzika, watoto wakipenya katikati ya miguu ya watu wazima.

Na chini, upande wa bahari, palikuwa na baraza. Asubuhi Seyyid aliketi na wanawe wakubwa na wakuu wa mji, kahawa nyeusi ikapitishwa kwa vikombe vidogo, na mwenye shida akasema shida yake. Jioni baraza ilirudiwa. Serikali yote ya pwani, kutoka Mogadishu mpaka karibu na Rasi Delgado, iliendeshwa kutoka kikao kile, ghorofa moja tu chini ya vyumba walimolala watoto.

Mtoto huyo aliyeandika ni nani?

Seyyida Salme binti Said. Alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844. Mama yake alikuwa Mcherkesi aliyeitwa Jilfidan. Utotoni alihamia mjini, akaishi Beit al-Watoro, kisha Beit al-Tani, na Beit al-Sahil aliijua kama mtu anavyoijua nyumba ya baba yake.

Enzi zake wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kalamu na wino. Ujuzi huo ulimponza. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya baba yao kufariki, nduguye Barghash alipanga kumpindua Majid aliyekuwa amerithi kiti. Waasi walihitaji mtu wa kuandika barua, na aliyeweza ndani ya ukoo wa kike alikuwa binti wa miaka kumi na mitano. Njama ilishindwa. Barghash alikwepa nyumba iliyozingirwa kwa kujivika mavazi ya kike, akakamatwa baadaye, akapelekwa Bombay. Salme alibaki mjini, akiwa amegombana na nusu ya ndugu zake.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa mjamzito wa mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake. Akabatizwa, akaolewa, akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924. Aliishi kuliko nyumba ya baba yake kwa miaka ishirini na minane, na picha kamili kuliko zote za nyumba hiyo zimo katika kurasa zake. Zina mapungufu: aliandika kama binti wa mfalme, na anapofika kwenye utumwa huutetea kwa namna inayouma kusoma. Lakini ukumbi, taa, sauti za uani, hayo aliyatunza yeye.

Fedha za kujenga na kuendesha jumba kama hilo zilitoka wapi?

Karafuu, pembe za ndovu, na watu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa waliotolewa bara. Pembe zilibebwa na watu hadi pwani. Watu wenyewe waliuzwa, na kila kichwa kilichopita forodhani kilitozwa ushuru ulioingia katika hazina ya Sultani. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, chini ya Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, nyumba ikiwa imekwisha kuwa majivu. Ninapoieleza Beit al-Sahil sipendi kuliruka jambo hili ili nifike kwenye taa za rangi. Mikono iliyochoma chokaa, iliyobeba boriti, iliyopandisha maji ghorofani alfajiri, mingi yake ilikuwa ya watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Beit al-Hukm ilikuwa nini, na inahusianaje na Beit al-Ajaib?

Beit al-Hukm ilikuwa nyumba ya wanawake wa kasri, iliyosimama kati ya Beit al-Sahil na Beit al-Ajaib. Beit al-Ajaib yenyewe ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Ilikuwa na nguzo ndefu za chuma, baadaye umeme na lifti, na ndipo watu wakaipa jina la maajabu. Mbele ya majumba, upande wa bahari, palisimama mnara mrefu wenye saa na taa. Ulipowashwa safu kwa safu usiku, mabaharia wa Kiingereza waliufananisha na mti wa Krismasi wa Sultani.

Ilipoteaje?

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Kwa mujibu wa makubaliano na Uingereza, aliyetaka kukalia kiti alipaswa kwanza kukubaliwa na balozi wake. Khalid bin Barghash, mtoto wa Sultani Barghash, hakungoja kukubaliwa. Aliingia kasrini siku ile ile na watu wake. Hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1893 alijaribu vivyo hivyo akaambiwa atoke, akatoka. Safari hii hakutoka.

Kwa siku mbili watu walimiminika kumuunga mkono, mpaka waliomo wakafikia kama 2,800: walinzi wa kasri, raia waliochukua silaha, na watumishi na watumwa kwa mamia. Mizinga iliwekwa mbele ya kasri kuelekea baharini, pamoja na miwili iliyokuwa zawadi ya Kaizari wa Ujerumani. Bandarini ilikuwapo HHS Glasgow, merikebu ya Sultani.

Upande wa pili Admirali Harry Rawson alikuwa na manowari tano: St George, Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Aliyeachwa kushughulikia mambo ya ubalozi alikuwa Basil Cave. Khalid alipewa mpaka saa 3 kamili asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera yake. Nusu saa kabla, alijibu kwamba hana nia ya kuishusha, na kwamba haamini kuwa Waingereza watafyatua.

Saa 3 na dakika 2 wakafyatua. Kombora la kwanza la Thrush liliuangusha mmoja wa mizinga ya mbele ya kasri. Glasgow ilijibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa pale pale ilipotia nanga. Manowari zilipiga makombora kama 500, na risasi za bombomu zaidi ya 4,000, umbali wa mita mia chache kutoka kwenye nyumba iliyojaa watu. Kuta za matumbawe zilitobolewa. Vivuko, roshani na boriti vilishika moto, na kwa kuwa majumba yalishikana kwa mbao, moto ulikuwa na njia ya kupita kutoka nyumba hadi nyumba, njia ile ile waliyoipita wanawake kwenda kutembeleana. Kama saa 3 na dakika 40 bendera ilikatwa na kombora, na mizinga ikanyamaza.

Hii si ndiyo "vita fupi kuliko zote duniani"?

Ndiyo, hutajwa hivyo, dakika 38 kwa hesabu moja na mpaka 45 kwa nyingine. Najua kwamba wengi hufika kwenye habari hii kupitia kioja hicho, na sina ugomvi na mtu anayekipenda. Ila kwangu mimi hesabu ya dakika inaficha kilichotokea. Katika dakika hizo waliuawa au kujeruhiwa watu kama 500 upande wa Zanzibar, wanaume na wanawake, wengi wao kwa moto wa kasri. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja, wa Thrush. Palikuwa na nyumba inayoungua na watu ndani, na hayo hayakwisha saa 3 na dakika 40.

Mchana ule kulitokea uporaji mjini, na mtaa wa Wahindi ulipoteza watu kama ishirini. Askari 150 wa Kisingasinga walihamishwa kutoka Mombasa kuja kutuliza mji.

Khalid alipona?

Alipona. Wapo waliosimulia kwamba alitoka kwa mlango wa nyuma mzinga wa kwanza ulipolia, wakawepo waliosema alikaa kwa muda zaidi. Vyovyote vile, alifika ubalozi wa Ujerumani akakaa humo zaidi ya mwezi mmoja, huku Waingereza wakimngoja nje ya mlango. Tarehe 2 Oktoba bahari ilijaa sana, na mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaweza kusogea mpaka lango la ubalozi. Khalid akaingia mashuani moja kwa moja bila kugusa ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena. Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Kwa nini Beit al-Ajaib ilisalia na nyumba nyingine zikaungua?

Haikutoka salama kabisa, lakini madhara yake yalikuwa madogo. Umri na ujenzi vilichangia: ilikuwa na miaka kumi na mitatu tu, na ilisimama juu ya nguzo na mihimili ya chuma badala ya boriti peke yake. Mnara wa mbele uliharibika mno ukabomolewa. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897 lilitiwa mnara mpya wa saa, safari hii ukiwa umeshikamana na uso wa jumba.

Inaniuma kuongeza kwamba mnara huo nao hatunao. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake, watu wawili wakapoteza maisha. Dalili zilikuwapo tangu 2012, kipande kimoja kilipoanguka. Jumba lililovumilia makombora lilishindwa na uchakavu na maji yaliyopenya.

Kwa nini Beit al-Hukm haikujengwa tena?

Hali ilikuwa imebadilika. Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kitini alasiri ya siku ile ile ya moto, alikuwa mtawala chini ya ulinzi wa Uingereza. Kasri halikuwa tena na kaya ya mamia ya watu ya enzi za Seyyid Said. Magofu yaliondolewa, kiwanja kikapandwa bustani.

Kuna kitu chochote cha nyumba ya zamani ambacho mtu anaweza kukiona leo?

Kuna pengo, na mimi ningeanza hapo. Simama upande wa bahari, tazama kati ya Beit al-Ajaib na kasri jeupe. Majumba ya Mji Mkongwe hayaachiani nafasi namna ile; kwingine kote mjini ukuta unakaribia ukuta mpaka watu wawili wenye mizigo hawapishani. Uwazi ule si mpango wa mjenzi. Ni umbo la nyumba.

Kuna makaburi ya Makusurani, kando ya kasri. Humo amezikwa Seyyid Said, aliyefariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Omani, na Barghash aliyekuwa naye merikebuni akauleta mwili. Majid alianza kulijengea kaburi la baba yake kwa fahari, lakini wanazuoni wenye msimamo mkali wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya Omani, walipinga, kazi ikasimama, na mpaka leo kuta zake hazina paa. Kwa hiyo kazi isiyokwisha ya enzi ile imedumu kuliko nyumba iliyokamilika.

Na kuna makumbusho yenyewe, ambamo chumba kimoja kimetengwa kwa ajili ya Bibi Salme.

Nina picha ya zamani ya pwani ya Unguja. Nitajuaje kama inaonyesha Beit al-Sahil ya asili?

Anza na mnara. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele ya majumba, mbali na ukuta wa Beit al-Ajaib, basi picha ni ya kabla ya magofu kusafishwa, na kama paa za jirani ni nzima unaitazama Beit al-Sahil yenyewe pamoja na Beit al-Hukm. Ukiona mnara wa saa umeota kutoka kwenye uso wa Beit al-Ajaib, picha ni ya 1897 au baada yake, na jumba la kushoto kwake, ukitazama kutoka baharini, ni lile jipya.

Halafu tazama majini. Glasgow ilizama mahali penye kina kidogo, na milingoti yake ilibaki imechomoza bandarini mpaka mwaka 1912. Picha yenye milingoti mitatu inayotoka majini bila merikebu chini yake, na mnara wa saa ukiwa umeshikamana na jumba, ilipigwa kati ya 1897 na 1912. Ikiwa ni milingoti na kuta zilizotoboka, na moshi umeacha weusi juu ya madirisha, hiyo ni ya siku au wiki chache baada ya tarehe 27 Agosti. Hizo zipo, zilipigwa kadhaa. Ukiipata moja, usiitazame Beit al-Ajaib iliyo nzima kwa nyuma. Tazama mbele yake, mahali ambapo sakafu imeanguka na mashimo ya boriti yamebaki ukutani kwa safu, moja kila baada ya hatua ndogo. Juu ya safu ile ndipo palipokuwa na chumba cha mtu.